MCHORE MTU, ULIANDIKE NA JINA LAKE

(Hotuba ya mwenezi wa Chama kwa vijana wanaosomea ualimu. Twaichapa kama ilivyosomwa, ila salamu za mwanzo tumeziacha. – Mhariri)



Mlipoambiwa ya kuwa atakuja mwenezi wa Chama, bila shaka mlidhani mtasikia habari za kadi na ada. Habari hizo zina siku yake. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kuchora watu na mahali, nasi tumekubali kwa furaha, kwa sababu tumetoka katika chuo kama hiki. Tulifundishwa kuchora moyo wa chura na ramani za mito ubaoni, tukapata cheti, tukaondoka na penseli mfukoni, na penseli ile haijatoka mpaka leo. Kazi ya Chama, ndugu zetu, ni kazi ya kungoja. Twangoja basi, twangoja mvua ianuke, twangoja wananchi warudi kutoka shamba ndipo mkutano uanze. Saa hizo za kungoja ndizo saa zetu za kuchora. Hatuji mbele yenu kama mabingwa. Twaja kama watu waliokaa chini ya miembe mingi na daftari magotini.

Wako wanaosema kwamba uchoraji ni mambo ya Wazungu, ati Mwafrika alijua kuchonga na kufinyanga tu. Watu hao na wapande basi waende Kolo, wilaya ya Kondoa. Kule majabali yamechorwa watu na wanyama, watu warefu, wembamba, wa rangi nyekundu, na juu yao picha nyeupe za watu waliokuja baadaye. Bibi Mary Leakey alizinakili nyingi mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaziandika katika Urithi wa Dunia. Waliozichora hawakungoja shule ya mtu. Neno hilo tuliache hapo, limekwisha.

Gumu ni jingine. Mtu anayemchora mwenziwe amechukua kitu cha mwenziwe, na mara nyingi hakukiomba. Na anayechora nchi amekwisha sema nchi ile ni ya nani, hata kama hakukusudia kusema. Hayo ndiyo tunayotaka kuzungumza nanyi, maana mwaka ujao mtasimama mbele ya watoto arobaini, au themanini, mtawapa penseli, nao watachora watu.

Tazameni kadi za posta za zamani zilizouzwa Unguja na Mombasa miaka mia moja na zaidi iliyopita. Mwanamke amesimama, amevaa kanga zake vizuri, nywele zimesukwa, anatazama mbele kwa macho ya mtu mwenye akili yake. Chini imeandikwa kwa lugha ya kigeni kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili. Basi. Hapana jina, hapana mtaa, hapana mume wala mtoto. Mwanamke yule alikuwa na jina lililoitwa kila asubuhi kisimani, na aliyempiga picha alisimama karibu naye kiasi cha hatua nne tu. Kumwuliza kungemgharimu nini?

Au tazameni kazi ya Bibi Joy Adamson, yule aliyejulikana dunia nzima baada ya mwaka 1960 kwa kitabu chake juu ya simba jike Elsa. Kabla ya simba, alichora watu. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa kazi ya kuyachora makabila ya nchi ile, akazunguka miaka kadhaa na sanduku lake la rangi, akatoa picha mamia, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya watu wa Kenya. Tuwe wa haki. Bibi yule alikuwa na jicho. Kila shanga iko mahali pake, kila ngozi imeshonwa ilivyoshonwa, na leo mjukuu anayetaka kujua babu zake walivaaje hana budi kumshukuru. Lakini kusudi la kazi ile lilikuwa kuweka kumbukumbu ya mavazi na mapambo ambayo ilidhaniwa yatapotea, na kazi ya namna hiyo humfanya mtu kuwa msumari wa kutundikia mapambo. Amewekwa pale kuwa mfano wa kabila lake. Ukiuliza mfano huyu alikuwa mkali au mpole, alikuwa na deni, alikuwa na mtoto mgonjwa siku ile, picha haijui.

Sisi twashika kanuni moja, nayo ni rahisi hata mtoto wa darasa la pili aweza kuishika. Chini ya kila picha ya mtu twaandika jina lake, mahali, tarehe, na kazi aliyokuwa akifanya. Mnaweza kucheka kwamba hiyo si sanaa, hiyo ni kazi ya karani. Sawa, ni kazi ya karani. Lakini ijaribuni mwone. Tangu tulipoanza kuandika majina, watu wameanza kutuongoza. Huyu asema, "Andika na jina la baba yangu." Yule asema, "Hilo ni jina la shule, nyumbani naitwa hivi." Mama mmoja muuza dagaa alikataa tusiandike "muuza dagaa"; alisema yeye ni mnunuzi, huwanunulia wavuvi mzigo mzima ufukweni alfajiri, na kuuza ni sehemu ndogo ya kazi yake. Tukaandika mnunuzi wa dagaa. Na baada ya kuandika hivyo tulimtazama tena, tukaona kumbe anakaa kama mtu anayekadiria bei, si kama mtu anayengoja mteja. Mabega yake yalikuwa yakisema hivyo tangu mwanzo.

Sasa yuko kijana hapo nyuma anasema moyoni: siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, ya nini penseli? Swali lake ni zuri. Simu huchukua sura ya mtu kabla hajameza mate. Penseli yataka nusu saa. Katika nusu saa ile mtu hawezi kukaa kimya. Kwanza hukaza uso kama yuko mbele ya hakimu, halafu uso huchoka kukazwa, halafu huanza kuzungumza. Husema habari za mbolea, za binti yake aliyeko mjini, za zahanati isiyo na dawa. Mikutano mingi tumeihutubia ambamo watu walipiga makofi na kurudi makwao na shida zao zote mfukoni, lakini mtu mmoja aliyekaa nusu saa akichorwa alitwambia shida za kijiji kizima bila kuulizwa. Kwa hiyo hatuoni haya kusema kwamba penseli imetufunza kazi ya Chama kuliko semina fulani tulizohudhuria.

Kusini, katika kijiji kimoja cha wakulima wa korosho, tulimkuta mzee ameketi barazani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Tukaomba kumchora. Akafikiri kidogo, akasema: "Nichoreni, lakini si hapa. Twendeni kule chini ya mkorosho."

Tukamwambia kwamba baraza ina kivuli kizuri na kiti chake ni cha starehe. Akajibu: "Kiti nilikinunua. Mkorosho niliupanda."

Siku zile wapimaji walikuwa wakitazamiwa, na maneno yalikuwa yameenea kwamba mpaka mpya utapita katikati ya mashamba. Ninyi mnajua kwamba sehemu nyingi za nchi yetu mti wa kudumu ndio shahidi. Aliyepanda mkorosho au mnazi anajulikana, na hata akiuza shamba miti huhesabiwa mmoja mmoja. Basi tulichora kwa muda wa saa nzima, maana mzee alitaka kila kitu kiwemo: tawi lililovunjika mwaka wa upepo mkubwa, shina lililobabuliwa na moto wa watoto, kaburi dogo kando ya njia. Tukaandika jina lake, jina la babake, na mwaka aliosema ameupanda.

Jioni mkutano ulipokusanyika, mzee akainuka na karatasi ile. Haikuwa hati, wala hatukumwambia kuwa ni hati. Penseli haishindani na muhuri. Lakini wazee waliipokezana mkono kwa mkono. Mmoja akasema mti ule unaoonekana nyuma ni wa marehemu nduguye. Mwingine akataja aliyezikwa katika lile kaburi. Wakaendelea hivyo, na hata usiku ulipoingia walikuwa wamekwisha taja miti ya upande ule wote na wenyewe walioipanda, na karani wa kijiji ameandika kurasa nne. Wapimaji walipofika walizikuta kurasa hizo mezani. Mkorosho wa mzee ulibaki ndani ya mpaka. Mikorosho miwili ya jirani yake ilitoka, na maneno yake hayajaisha mpaka leo.

Twawapa habari hiyo kwa sababu yatuingiza katika jambo la kuchora mahali. Mlima Kilimanjaro umechorwa mara ngapi? Hauna idadi. Theluji juu, wingu katikati, twiga na mgunga chini. Picha za namna hiyo zimejaa katika mahoteli ya watalii, na nzuri ni nzuri, hatukatai. Lakini kaeni mbele yake mtafute mtu. Hayupo. Hakuna moshi wa jiko, hakuna njia, hakuna mfereji wa maji, na wenyeji wa mlima ule ni watu waliochimba mifereji vizazi na vizazi kabla Mzungu hajauona. Mgeni akizoea kuona nchi namna hiyo, akija mwenyewe akamkuta mtu analima, humwona kama aliyeingia pasipo ruhusa.

Na nchi iliyodhaniwa tupu huchukuliwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, watu wapatao 3,000, nyumba zikachomwa, ili ardhi ile wapewe walowezi. Ndugu Kirilo Japhet akatumwa na watu wake, akaenda New York mwaka 1952 kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Hatusemi kwamba picha ya mlima ndiyo iliyowahamisha Wameru. Waliohamishwa walihamishwa na askari na malori. Twasema tu kwamba mtu aliyezoea kuiona nchi haina watu hatashtuka sana akisikia watu wametolewa.

Ndipo twampenda sana Bwana Sam Ntiro. Alizaliwa Uchaggani mwaka 1923, akasoma uchoraji Makerere kwa Bibi Margaret Trowell, akaenda chuo cha Slade kule London kuanzia mwaka 1952 mpaka 1955. Tanganyika ilipopata uhuru alikuwa Balozi wetu wa kwanza Uingereza, na alifariki mwaka 1993. Fikirini: mtu aliyekaa London miaka ile, mbele ya picha zote kubwa za Ulaya, alirudia kuchora nini? Migomba, na watu wanaokata majani ya ng'ombe, watu wanaolima, wanaojenga, wanaobeba. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku imewekwa katika Jumba la Sanaa za Kisasa kule New York. Wako wanaolalamika kwamba watu wa Ntiro hawana nyuso, kwamba wote wafanana. Ni kweli, nyuso hazikumshughulisha. Lakini katika milima yake hakuna mahali pa kusimama pasipo mtu aliye kazini, na hilo lamtosha mchoraji mmoja.

Mwenziwe, Bwana Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alifanya jambo jingine. Mwaka 1959 alichora picha kubwa ukutani katika kanisa la kumbukumbu la Murang'a, mahali palipoitwa Fort Hall wakati ule. Habari ni za Kristo, kuzaliwa kwake na karamu ya mwisho na kusulubiwa, na nchi inayoonekana ni nchi ya Wakikuyu, na watu ni watu wa pale. Mtu aliyeingia kanisani humo kusali mwaka ule, siku ambazo amri ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa Kenya, alikuta vilima vya kwao vimo ndani ya Injili. Tungependa kujua alirudi nyumbani akisema nini na mkewe.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe, maana ninyi ni waalimu na mwalimu hutaka cha kushika mkononi.

Mtoto akichora mtu huweka macho juu kabisa, karibu na nywele, kwa kuwa aona uso tu. Mpeni kioo, apime kwa kidole: macho yako katikati ya kichwa. Mwili wa mtu mzima ni vichwa saba hivi kwa urefu, na wa mtoto mdogo ni vinne au vitano, ndiyo sababu ukimchora mtoto kwa vipimo vya mtu mzima hupata mzee mfupi. Lakini msiwachoshe kwa vipimo. Afadhali mwambieni mtoto atazame mara mbili kila anapochora mara moja. Watoto wengi, na watu wazima pia, humtazama mtu mara moja kisha humaliza picha kwa kutazama karatasi.

Na sasa rangi. Kampuni ya Crayola ya Marekani ilikuwa na krayoni iliyoitwa "rangi ya mwili". Rangi yenyewe ilikuwa ya waridi hafifu, kama ya mtu aliyechomwa na jua la Ulaya. Mwaka 1962 wakaliondoa jina hilo wakaipa jina la tunda la pichi. Wamarekani wenyewe waliona. Lakini hapa kwetu tumeingia madarasani tukakuta watoto wamechora baba na mama zao kwa rangi ile ile ya tunda, na wengine, waliotaka kusema kweli, wamewajaza weusi mtupu kama sufuria. Yote mawili hayafai. Ngozi yetu si nyeusi ya chungu. Mwekeni mtu karibu na mlango saa tatu asubuhi mtazame: paji la uso limepokea samawati ya mbingu, upande wa kivuli una wekundu ndani yake, kama mti wa mninga uliorandwa, chini ya kidevu, akivaa kanzu, kuna weupe uliorudishwa na nguo. Akikaa chini ya mwembe, hupata kijani shavuni, na ukiiacha kijani ile mtu wako hatakaa chini ya mwembe hata ukichora maembe mia. Changanyeni kahawia na bluu kidogo na nyekundu kidogo, na ile chupa ya nyeusi mwifungie kabatini muhula mzima. Saa za adhuhuri msichore uso wa mtu nje. Jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo, na kila mtu huonekana amekasirika. Alfajiri na baada ya alasiri ndiyo saa.

Mtasema shule zetu hazina vifaa. Bibi Rosemary Karuga wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2021, alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma sanaa Makerere, kuanzia mwaka 1950 mpaka 1952. Akawa mwalimu kama mtakavyokuwa ninyi. Baadaye alipotaka kufanya kazi yake na hana rangi, alichukua makaratasi ya sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akayachanachana, akayabandika, akatoa picha za watu na kuku na maisha ya kijijini ambazo zimekwenda kuonyeshwa ng'ambo. Makaa je? Chukueni vijiti vyembamba vilivyokauka, vipangeni katika kopo la maziwa, lifunikeni, mtoboe tundu dogo la moshi, mliweke katika moto mpaka moshi ukome, mliache lipoe lenyewe. Ukilifungua lingali moto, vijiti hushika hewa vikawa majivu. Kopo moja latosha darasa zima wiki nzima. Karatasi ni upande wa pili wa mitihani ya mwaka jana.

Jambo la kuuza picha hatuwezi kuliruka, kwa kuwa baadhi yenu mna mkono mzuri na watu watakuja na fedha. Mnajua habari za Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam kutafuta riziki. Mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, wanyama na ndege, akiuza karibu na Morogoro Stores huko Oyster Bay, ambako Wazungu walifanya manunuzi yao. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mwizi. Jamaa zake hawakuiacha kazi. Waliiendeleza, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika. Hatutaki kusikia mtu anawacheka ati wachora tembo wa watalii. Familia ngapi zimesomesha watoto kwa tembo wale? Ila twauliza swali la haki: mtalii akinunua chui na tai, nani atanunua picha ya mnunuzi wa dagaa?

Jibu moja liko Kongo, tena kwa Kiswahili. Katika miaka ya 1970 kule Lubumbashi wafanyakazi wa migodi, wa reli na makarani walikuwa wakinunua picha kwa ajili ya sebule zao wenyewe. Picha mojawapo iliyopendwa sana iliitwa "Colonie Belge": mfungwa amelazwa chini anachapwa viboko, askari ndiye mchapaji, na mkubwa wa Kibelgiji amesimama kando anatazama. Mtu aliitundika mahali pale ambapo mwingine huweka kalenda, na mgeni akiingia, mazungumzo yalianzia hapo. Mchoraji mmoja wa mji ule, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alijiona kuwa mwandishi wa historia. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora picha kama mia moja za historia ya nchi yake, tangu wazee wa kale mpaka Lumumba na baada yake, na kila picha akamweleza kwa Kiswahili bwana mmoja mtaalamu aliyeitwa Johannes Fabian, ambaye alizitoa katika kitabu mwaka 1996. Juu ya picha zake aliandika maneno, majina na miaka. Mwaka 1981 habari zake zilikatika na hakuonekana tena.

Wanunuzi wale hawakuwa matajiri. Walilipa kidogo, na kwa hiyo mchoraji alilazimika kuchora haraka na kurudia picha ile ile mara nyingi. Wajuzi wa sanaa hawapendi hivyo. Sisi twapenda, kwa sababu mwenye picha na aliyemo katika picha walikuwa watu wa mtaa mmoja. Hapa kwetu ukumbi wa kijiji hauna picha isipokuwa ya Rais na ya kampuni ya simu. Ukuta uliobaki ni mweupe, na mchoraji yuko njaa umbali wa hatua mia. Ndugu Mwenyekiti, hilo tumelisema kwa vikao vya Chama na tutalisema tena.

Kabla hatujatoka, adabu. Ombeni ruhusa kwanza, na akikataa, mshukuruni mwende. Wako wazee wa pwani, na si wa pwani tu, ambao dini yao huwafanya wasipende sura ya mtu ichorwe. Neno lao ni neno, msibishane nao. Mzee wa namna hiyo huenda akawaonyesha mlango wake ulionakshiwa, au mshono wa kofia, na mtashinda hapo siku nzima mkijifunza mistari. Kijana wa kiume asiende kumchora mwanamke peke yake uani. Na awepo mtu wa nyumbani. Mgonjwa asichorwe. Aliyefiwa asichorwe. Mlevi pia, hata akiomba mwenyewe, maana kesho atakuwa mzima na picha itabaki. Na picha ikimalizika, mwenyewe aione kabla haijafungwa ndani ya daftari. Akitaka kuichukua, mpeni. Jichoreeni nyingine.

Sasa ni saa tisa na nusu na jua limeanza kulainika. Tumeongea na mkuu wa soko na ametukubalia. Mtakwenda wawili wawili. Mmoja achore, mwingine azungumze na anayechorwa, kisha mbadilishane. Upande wa samaki kuna mwanga mzuri lakini pananuka, upande wa vyungu pana kivuli. Makaratasi yako kwa ndugu katibu wenu pale mlangoni, manne kwa kila mtu, pamoja na makaa kwenye kopo. Saa kumi na mbili kasorobo turudi hapa na picha zetu, tuzisome majina.